Ikiisha Katuni ya Anga

Katika katuni ya mfululizo, hakuna sehemu inayohukumiwa vikali kama ile ya kufunga msimu. Zilizotangulia husamehewa mengi: mhusika aliyetoweka bila maelezo, vita vilivyochelewa, mazungumzo marefu ndani ya chombo ilhali adui anakaribia. Mtazamaji huvumilia kwa kuamini kwamba mtunzi anajua anakokwenda. Ikifika sehemu ya mwisho, uvumilivu huo unadai haki yake. Katuni za anga hubeba madai mazito zaidi, kwa sababu safari ya angani karibu kila mara huanza na ahadi ya kurudi. Chombo kimepaa, dunia iko hatarini, vijana wameaga wazazi wao. Kwa hiyo maswali ya mwisho hufanana popote pale: nani amerudi, nani amebaki huko gizani, na je, aliyebaki alistahili kubaki?

Handeni na Korogwe, wilaya mbili zinazopakana mkoani Tanga, maswali hayo huulizwa kwa sauti, tena mbele za watu. Hilo ndilo linalofanya watazamaji wa huko wastahili kuangaliwa kwa makini. Anayetazama peke yake chumbani hukasirika peke yake, akalala, asubuhi yamekwisha. Anayetazama akiwa amebanwa kwenye benchi na wenzake hulazimika kuitetea hasira yake, maana wa pembeni yake ameridhika na anataka kujua kwa nini yeye hakuridhika. Akishaanza kujitetea kwa hoja amekuwa mhakiki, hata kama hajawahi kuitwa hivyo na mtu yeyote.

Katuni zenyewe hufika kwa njia kadhaa. Wenye king'amuzi huzipata kwenye chaneli za watoto, alimradi kifurushi kimelipiwa. Wengi zaidi humpitia kijana wa kuingiza nyimbo na muvi, karibu na stendi au sokoni, wakampa flashi au kadi ya simu na kuondoka na msimu mzima. Wengine huenda kwenye kibanda cha kuonyeshea muvi. Njia ya flashi ina kasoro iliyozaa utamaduni wake: mara kwa mara sehemu ya mwisho haimo. Faili limegoma kufunguka, au nafasi ilijaa kabla ya kunakili kumalizika, au aliyeipakua kwenye intaneti aliishiwa bando njiani. Mtoto wa Kabuku au Mnyuzi aliyetazama mfululizo wote isipokuwa sehemu hiyo moja hajui chombo kilifika wapi. Atauliza. Kama hakuna anayejua, mwisho utatungwa papo hapo, na aliyeutunga vizuri ataaminiwa mpaka flashi nyingine ije kutoka Tanga au Dar es Salaam.

Utazamaji huu haujazeeka. Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994, miaka ishirini hivi baada ya Zanzibar, na kwa muda mrefu picha zile zilikuwa mali ya miji mikubwa. Jambo linalotia uchungu kidogo ni kwamba umeme wenyewe ulikuwapo jirani. Kituo cha Hale, kilichoanza kuzalisha mwaka 1964 kwa uwezo wa megawati 21, kimo ndani ya Wilaya ya Korogwe na kinaendeshwa na maji ya Mto Pangani. Nyaya zilipita juu ya mashamba ya mkonge zikaenda kuwasha taa za mbali, na vijiji vingi vilivyo chini yake vilibaki na vibatari hadi juhudi za Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, zilipovifikia. Katika kipindi hicho chote jenereta ndogo na kibanda cha mabati ndivyo vilivyofanya kazi ya jumba la sinema.

Kibanda umiza, kama watu wanavyokiita, hakihitaji maelezo kwa aliyewahi kukaa ndani yake. Madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. Mbele ipo televisheni juu ya kabati lililofungwa kwa kufuli, nyuma yapo mabenchi ambayo miguu yake imechimbiwa ardhini, na nje ya mlango ubao ulioandikwa kwa chaki: jina la muvi, saa, na mara nyingi neno moja la ziada la kuvutia wateja. Ligi ya Uingereza ndiyo inayoleta fedha. Katuni hupewa saa ambazo hazina mechi, hasa asubuhi za mapumziko, na wateja wake ni watoto pamoja na vijana wakubwa kuliko wanavyopenda kukiri. Joto huwa kali. Wakati sehemu ya mwisho inapokaribia ukingoni, sauti za nje husikika kuliko za ndani: pikipiki, muuza maji, mama anayemwita mwanawe kwa jina mara tatu. Mtoto anasikia na haitiki. Hatoki mpaka aone kama chombo kimepona.

Hukumu ya kibandani ina kanuni yake kuu, nayo ni kongwe kuliko katuni: steringi, yaani shujaa, hafi. Kanuni hii ilijengwa na filamu za Kihindi, za Hong Kong na za Marekani, ambamo shujaa hupigwa, huzamishwa, hufungwa minyororo, na mwishoni huinuka. Watazamaji waliokulia humo hununua tiketi wakijua hivyo, na raha yao ni kuona atainuka vipi. Katuni za anga huvunja kanuni hiyo bila huruma. Watunzi wake wanapenda steringi anayejitoa mhanga, anayeelekeza chombo chake kwenye moyo wa adui ili sayari ipone. Wao huona huo ni mwisho wenye utukufu. Kibandani, jibu la kwanza ni ukimya. La pili ni kelele. La tatu, ambalo huja watu wanapotoka wakivaa ndala zao, ndilo lenye akili zaidi: hajafa. Maiti yake nani ameiona? Mlipuko ulionekana, sawa, lakini mwili haukuonyeshwa, na kile chombo kidogo cha kujiokoa kilichotajwa katika sehemu ya tatu hakikutajwa tena. Atarudi msimu ujao.

Ni rahisi kuyaita haya ukaidi wa kitoto. Kwa kweli ni usomaji wa makini. Anayedai maiti anadai ushahidi, na ili audai lazima awe amekumbuka kitu kidogo kilichopita saa nyingi nyuma, akakiunganisha na kilichokosekana mwishoni. Walimu wa fasihi hutumia mihula mizima kuwafundisha wanafunzi jambo hilo hilo.

Watu wa pwani walikuwa na utaratibu wa kushughulikia mwisho wa hadithi zamani kabla ya picha zinazotembea. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekusanya hadithi za Waswahili Zanzibar na kuzichapisha mwaka 1870, alikuta wasimuliaji wakifunga kwa kutamka kwamba hadithi ikiwa nzuri, uzuri huo ni wa wote, na ikiwa mbaya, ubaya ni wa yule mmoja aliyeitunga. Tamko hilo ni fupi, lakini limebeba mkataba kamili. Msikilizaji aliyeitikia, aliyecheka mahali pa kucheka na kuimba kiitikio, amechangia kuitengeneza hadithi na anastahili sehemu ya sifa. Lawama haimgusi. Msimuliaji ameketi mbele ya watu wale wale atakaokutana nao kesho kisimani, na anabeba kosa lake mwenyewe. Mtazamaji wa Chanika, mjini Handeni, anayesema katuni hii tuliipenda lakini hao walioitengeneza wametuharibia mwisho, anagawa uzuri na ubaya kwa kipimo hicho hicho, ingawa huenda hajawahi kulisikia tamko lile. Tofauti ni kwamba msimuliaji hayupo. Yuko Tokyo au Los Angeles, na ubaya wake haurudishiki.

Si kwamba mtengenezaji wa picha hajawahi kukaa karibu na watazamaji wa sehemu hizi. Amewahi, tena mapema mno. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1937, Vugiri, kwenye miinuko ya Usambara ndani ya Korogwe ya leo, palikuwa makao ya mradi wa filamu ulioongozwa na Waingereza wawili, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha zilizotoka hasa katika shirika la Carnegie la Marekani. Uliitwa Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu. Filamu zipatazo 35 zilitengenezwa hapo, zikichezwa na watu wa huko huko, bila sauti ndani ya ukanda wenyewe. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine, yakapigwa sambamba na picha. Gari la maonyesho likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Moja ya filamu zile ilihusu benki ya akiba ya Posta: mfanyakazi mmoja anaweka fedha zake Posta, mwenzake anazificha na kuibiwa. Mwisho wake ulijulikana tangu mwanzo, maana filamu ilitengenezwa kwa ajili ya funzo lililo mwishoni.

Waendeshaji wa jaribio hilo waliyaandika maoni ya watazamaji, na Notcutt na Latham walichapisha kitabu juu ya kazi yao mwaka 1937. Hili lingeweza kuwa tukio kubwa katika historia ya uhakiki Afrika Mashariki: watazamaji wa Kiafrika wakiulizwa rasmi juu ya picha zilizochezwa katika milima yao. Lakini swali waliloulizwa lilipinda tangu mwanzo. Mradi ulitaka kujua Mwafrika anaweza kuelewa nini, picha iende kwa kasi gani asipotee, funzo gani litamwingia. Mtu aliyecheka pasipotarajiwa alihesabiwa kuwa hakuelewa. Kwamba huenda alielewa vizuri kabisa na akaona filamu ni dhaifu, ni jambo ambalo mpango mzima haukulipa nafasi. Mkataba wa msimuliaji wa pwani ulipinduliwa: uzuri ukawa wa mtengenezaji, ubaya ukahamishiwa kwa mtazamaji. Fikra hiyo iliendelea kutawala filamu za serikali ya kikoloni kwa miaka mingi baada ya jaribio la Vugiri kufungwa, na mabaki yake yapo hadi leo katika kila kauli inayosema watoto wa vijijini watengenezewe vitu vyepesi.

Watoto hao si wageni wa mambo ya anga. Wazee waliolima kwa kutegemea mvua walijua kukitazama kilimia, lile kundi dogo la nyota linalozama jioni wakati wa masika na kurudi kuonekana alfajiri mvua zikishaondoka, na methali ya Kiswahili imeihifadhi hesabu hiyo: kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Usiku wa Kwamsisi, Handeni, mbali na taa za mji, anga lote huonekana, na mtoto anayetoka kibandani hutembea chini ya kitu kile kile alichokuwa akikitazama kwenye kioo.

Hata fasihi ya mkoa huu imewahi kupaa. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alichapisha Kusadikika mwaka 1951, hadithi ya nchi iliyoko angani. Umbo lake ni la mfululizo kabisa. Karama ameshtakiwa barazani mbele ya mfalme, mshtaki wake ni waziri Majivuno, na utetezi wake ni visa vya wajumbe sita waliotumwa pande sita, zikiwemo mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa, wakaishia gerezani. Kila kisa kinamalizika kwa dhuluma ile ile, na msomaji anaingia kisa kinachofuata akiwa na hasira iliyoongezeka. Wanafunzi wa vizazi vingi, pamoja na walimu waliofundwa Chuo cha Ualimu Korogwe, wamepita katika kitabu hiki. Mwisho wake ni wa furaha: shitaka linashindwa, wajumbe wanafunguliwa. Hata hivyo kuna jambo la kulalamikia hapo, na msomaji aliyezoea kubishana kibandani atalikamata haraka. Nchi iliyofunga wasema kweli sita mfululizo inabadilikaje kwa hotuba, hata ikiwa ni hotuba nzuri? Ukombozi unatoka kwenye kinywa cha mfalme yule yule aliyewafunga. Kwa kipimo cha haki, mwisho wa Kusadikika ni dhaifu kuliko safari zake, na kusema hivyo hakumpunguzii Shaaban Robert heshima hata chembe. Aliandika chini ya utawala wa kikoloni, na tumaini lilikuwa sehemu ya silaha zake. Msomaji anayetaka zaidi ya alichopewa ndiye aliyemsoma sawasawa.

Kwingineko duniani, kutaka zaidi kumewahi kubadilisha mwisho wenyewe. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Japani. Katuni ya meli ya vita iitwayo Yamato, inayosafiri angani kutafuta dawa ya dunia iliyochafuliwa kwa mnururisho, ilianza kurushwa Oktoba 1974. Watazamaji wa awali walikuwa wachache, mpango wa mfululizo mrefu ukafupishwa, na ikafungwa Machi 1975 baada ya sehemu 26. Iliporudiwa, vijana waliikumbatia, wakaunda vikundi vya mashabiki, na filamu ya mwaka 1977 iliyounganishwa kutokana na mfululizo huo ikajaza majumba ya sinema. Mwaka 1978 ikatolewa filamu mpya ambamo steringi, Kodai, anaielekeza meli kwenye adui na kuangamia nayo. Watu walilia machozi ya kweli. Mwaka huo huo, Oktoba, hadithi ile ile ilianza kusimuliwa upya kwenye televisheni kwa sehemu 26 nyingine, na safari hii Kodai akabaki hai. Miisho miwili ya kisa kimoja, ndani ya miezi michache. Wengine wameona hapo tamaa ya biashara, na biashara ilikuwepo bila shaka, kwa kuwa maiti haendelezi mfululizo. Lakini biashara isingefuata njia hiyo kama wapenzi wa Kodai wangekuwa wamekubali kumzika.

Mfano wa pili ni The Clone Wars, katuni ya Marekani iliyo ndani ya ulimwengu wa Star Wars, iliyosimamishwa mwaka 2013 visa vyake vikiwa vinaning'inia. Mashabiki hawakunyamaza. Msimu mfupi ulitoka 2014, kisha mwaka 2018 ikatangazwa kwamba itarudi kumalizwa, na sehemu ya mwisho ilirushwa tarehe 4 Mei 2020. Miaka saba ya kudai mwisho ni mingi, lakini dai lilisikika kwa sababu waliodai walikuwa wateja wanaohesabika.

Mtazamaji wa flashi hahesabiki. Hana akaunti, hakulipia rasmi, maoni yake hayaingii kwenye takwimu za kampuni yoyote. Hapo katikati, kati ya studio isiyosikia na benchi linalolalamika, ndipo alipoingia mfasiri wa filamu. Dar es Salaam ilikuwa na Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye alianza kwa kutafsiri filamu mbele ya watu kibandani na baadaye akarekodi sauti yake juu ya kanda zilizosambaa nchi nzima. Kenya ina DJ Afro. Kazi yao inazidi kugeuza maneno. Mfasiri huwataja wahusika kwa majina ya mtaani, hueleza kisichoelezwa, humkemea adui, humtahadharisha steringi. Na ukifika mwisho mchungu, yeye ndiye aliyeko karibu na watu: anaweza kumtolea rambirambi marehemu, kuahidi kwamba kisasi kitalipwa, au kukiri waziwazi kwamba hapa kweli tumeumizwa wote. Lawama hupata mtu wa kuipokea. Wenye haki za kazi hizo wana malalamiko yao juu ya sauti zinazopachikwa bila ruhusa, nayo ni malalamiko ya halali. Hata hivyo mfasiri alijaza pengo ambalo wenye haki hawakuwahi kujishughulisha nalo.

Pengo hilo limejaribiwa kuzibwa pia na katuni iliyotungwa nyumbani. Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam na iliyoanza kurushwa na TBC1 Januari 2014, ilimpa mtoto nafasi ya kujibu maswali ya kipindi kwa ujumbe wa simu ya kawaida, na wahusika wakamrudishia neno. Kwa mtoto aliyeko Magoma hilo lilikuwa jambo jipya: katuni inasikia. Ilichoacha Ubongo Kids ni ule mvutano wa msimu mrefu. Kila kipindi hufunga swali lake chenyewe, kama inavyofaa kwa hesabu na sayansi, kwa hiyo hakuna mwisho mkubwa wa kugombania. Mtoto anajibu swali lenye jibu moja sahihi. Swali la kama Kodai alistahili kufa halina jibu la namna hiyo, na ndilo linalomweka macho usiku.

Upande wa anga na mambo yajayo, hatua kubwa ilikuja Julai 2023 na Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi kumi za katuni zilizotungwa na Waafrika na kusimamiwa na studio ya Triggerfish ya Afrika Kusini. Jina ni la Kiswahili. Ndani yake zipo kazi za Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda, na ya Malinga inahusu wachunga ng'ombe, maisha ambayo Handeni inayajua vizuri. Zilitoka kwenye huduma ya Disney+, ambayo wakati huo haikuwa ikiuzwa Tanzania. Watunzi walitoka nchi sita. Tanzania haimo. Ni hali ya kusikitisha kwamba lugha ilialikwa na Watanzania wanaoisema wakaachwa mlangoni, kama watunzi na kama watazamaji.

Linalobaki Handeni na Korogwe, wakati hayo yote yakiamuliwa mbali, ni kusimulia tena. Maji ya Handeni huvutwa kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe, na kwa miaka mingi hayakutosha, hivyo foleni za ndoo zimekuwa sehemu ya utoto wa huko. Foleni ni ndefu, na aliyeona sehemu ya mwisho jana ana hadhira. Husimulia kwa mikono: kiganja ni chombo, ngumi ni sayari. Anafupisha mazungumzo na kurefusha vita. Akifika kwenye kifo cha steringi husita, akawatazama wenzake usoni. Wakikunja nyuso, kuna msimuliaji atakayesema ukweli wa katuni na kustahimili kelele zao, na kuna atakayekifungua kile chombo kidogo cha kujiokoa ambacho studio ilikisahau. Wa pili huyu hasemi uongo kwa maana ya kawaida. Anafanya kazi waliyoifanya watengenezaji wa Yamato mwaka 1978, kwa sababu ile ile, bila kalamu wala kamera.

Kwa hiyo studio za Dar es Salaam na Nairobi zinazofikiria mfululizo wa anga kwa Kiswahili zina mahali pa kuanzia. Sehemu ya kufunga msimu ikiwa bado ni michoro ya awali na sauti za muda, ipelekwe kibanda kimoja cha Manundu, Korogwe, na kimoja cha Chanika, Jumamosi asubuhi, kiingilio bure. Mtunzi akae benchi la nyuma, asijitambulishe mpaka iishe, na asimuulize mtoto yeyote kama ameelewa. Amuulize kama amekubali. Kisha arudi studio akiwa bado na muda wa kubadilisha.